Upepo wa Akiba

Jumatatu, 3 Machi

Katika watu wote waliowahi kuziba pancha tangu gurudumu la kwanza lilipozunguka, mwenye akili kuliko wote ni mimi. Sijisifu. Nimewafikiria mmoja mmoja, nikaona hakuna wa kunikaribia. Wenzangu wanajaza upepo kwenye tairi, tairi linaondoka, upepo unaondoka nalo. Wanaridhika! Mimi leo nimejiuliza swali ambalo hakuna fundi aliyewahi kujiuliza: kwa nini upepo usibaki?

Swali limenijia saa nne asubuhi, umeme ulipokatika mara ya pili. Kompresa ikazima na mkoromo wake. Mjomba, ambaye karakana hii ni yake na mimi ni msaidizi wake (yeye husema msaidizi, mimi husema mshirika), akakaa juu ya tairi la lori na kutazama ukuta. Mjomba hutazama ukuta vizuri sana. Anaweza hata saa mbili.

Mlango wa pili, Kinyozi anaendelea kunyoa. Ana betri ya gari chini ya meza, mashine yake inanguruma, na yeye anapiga mluzi. Ule si mluzi wa furaha. Ule ni mluzi wa kunielekea mimi. Halafu akachungulia na kuniuliza, Pancha, leo mmefunga mapema? Hapa mtaani wananiita Pancha. Nimewaambia mara nyingi jina ni Injinia. Hawasikii.

Basi nimepata wazo, na wazo lenyewe ni hili. Umeme ukiwapo, kompresa inajaza upepo kwenye mitungi, tunaufungia humo kama akiba. Umeme ukikatika, tunaufungulia. Upepo unazungusha spana ya upepo, ile ya kufungulia nati. Spana inazungusha dainamo la gari. Dainamo linawasha taa. Hakuna asidi, hakuna mafuta, hakuna moshi. Upepo tu, na upepo umejaa kila mahali!

Niliacha shule kidato cha pili. Mwalimu wa Fizikia alisema nimemchosha. Sasa naelewa. Aliogopa kupitwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweleza Mjomba. Amesikiliza mpaka mwisho, akasema mtungi wa gesi ya kupikia nikiugusa atanipeleka kwa mama yangu nikiwa kwenye ndoo. Nikamwuliza amejuaje kama nilikuwa nafikiria mtungi wa gesi. Akasema amenilea.

Amekubali mitungi miwili ya breki za lori, ile iliyokaa nyuma ya choo tangu lori lake life. Amesema ile ilitengenezwa kubeba upepo, na haitapita nane kwenye geji. Nane ndiyo mwisho. Akanirudisha nyuma mara tatu kuniuliza, mwisho ngapi? Nane. Mwisho ngapi? Nane, Mjomba. Mtu mzima mimi nahojiwa kama mtoto wa chekechea, mbele ya Kinyozi!

Mchana nimechukua chaki nikaandika kwenye mtungi kwa herufi kubwa: PRESHA MWISHO 8. Bibi akapita kwenda kuanika nguo, akasimama, akasoma, akashika kiuno. Bibi ana presha. Kila mwezi anakwenda kupimwa, na namba zake ni siri kuliko umri wake. Ameniuliza ni nani aliyeniruhusu kuandika ugonjwa wake barabarani. Nimemweleza kwamba hii ni presha ya mtungi. Amesema mtungi hauna moyo, utapataje presha? Nimemweleza tena. Amesema basi mtungi unywe dawa na usile chumvi. Akaenda zake.

Wanawake wa nyumba hii hawana sayansi kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio la kwanza! Nitaandika ukweli mtupu, maana vizazi vijavyo vitasoma.

Saa tatu nimeanza kujaza. Mitungi ikapata moto, moto hasa, hata mkono haukai. Mjomba akarudi nyuma hatua nne. Nikachota maji ndoo mbili nikaimwagia ikapoa. Kwa mtu wa kawaida hilo lingekuwa tatizo. Kwangu ilikuwa ndoo mbili tu.

Saa tano nimefungua valvu. Spana ikalia ziii, dainamo likazunguka, taa ya mbele ya lori, ile kubwa, IKAWAKA. Nilipiga kelele. Mjomba alitabasamu upande mmoja wa mdomo, na kwake hiyo ni sherehe. Nikaenda kumwita Kinyozi aje aone. Nilipomleta, taa imezima.

Dakika nne. Mitungi miwili, kazi ya asubuhi nzima, dakika nne.

Tena spana ilikuwa imefunga barafu. Barafu nyeupe, kwenye mdomo wake, katika jua hili! Kinyozi akaigusa kwa kidole, akanipongeza. Akasema nilitaka kutengeneza taa, nimetengeneza friji, akaomba nimpozee soda yake. Wateja wake wawili wakacheka mpaka mmoja akasahau kwamba amenyolewa upande mmoja tu, akatoka kwenda barabarani.

Kwa nini barafu? Nimemwuliza Mjomba. Amesema upepo ukishindiliwa unatoa joto, ukiachiwa unalitaka joto lake. Amesema hivyo huku anatazama ukuta. Sijui anayatoa wapi.

Jioni Dada ametuletea habari mbaya. Watu wa shirika la umeme wamebandika tangazo kwenye nguzo: Jumamosi umeme utakatwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, wanabadilisha nyaya. Dada alikuwa amekaa chini, hajavua hata viatu.

Sababu ni mayai. Dada yangu anafua mashuka hotelini, mikono yake imechujuka kwa sabuni mpaka alama za vidole hazionekani. Mwezi uliopita mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alimwambia kwamba wanatafuta mtu wa kutunza kuku wa shule. Akataka aone kazi kwanza. Vifaranga hamsini, wenye afya, Jumatano tarehe kumi na mbili. Dada akaazima mashine ya kutotolesha, sanduku lenye balbu mbili ndani, akaweka mayai sitini. Juzi ameyamulika kwa tochi moja moja. Hamsini na nane yana uhai. Yanatakiwa kutotoka Jumanne. Na Jumamosi, saa sita nzima, hakuna balbu.

Mimi nikasimama. Nimesema: Dada, lala usingizi. Jumamosi mayai yako yatakaa kwenye joto la upepo.

Dada ameuliza kama ni upepo ule uliofunga barafu.

Wambea! Habari zimefikaje hotelini?

Alhamisi, 6 Machi

Hesabu. Mitungi miwili dakika nne. Nataka saa sita. Kwa hiyo natakiwa mitungi mia moja na themanini. Nimepiga tena, nikapata ile ile. Nimepiga haraka haraka bila kuandika, nikapata arobaini, nikaichukua hiyo.

Sina mitungi arobaini. Lakini nimesimama katikati ya karakana nikageuka taratibu, nikaona kitu ambacho Mjomba amekiona miaka ishirini bila kukiona. Matairi! Karakana imejaa matairi. Kila tairi ni mtungi. Kila tyubu ni ghala. Tumekaa juu ya akiba kama kuku juu ya mayai, samahani Dada.

Nimeunga matairi kumi na moja. Mpira kutoka hili kwenda lile, kibano hapa, valvu pale. Yamo ya lori manne, ya gari ndogo sita, na tyubu la trekta lililochukua nusu ya sakafu. Karakana inafanana na tumbo la mnyama. Ukitaka kwenda kwenye jeki unaruka mara tano.

Saa nane mwenye tairi mojawapo akaja kulichukua. Nimemweleza kwa upole kwamba tairi lake kwa sasa liko kwenye mradi. Akauliza mradi gani. Nikamweleza. Akauliza Mjomba yuko wapi. Mjomba akalifungua, akampa, akamwomba radhi. Mradi ukatoa mluzi mrefu wa huzuni na geji ikaanguka kutoka saba hadi tatu.

Kinyozi naye amekuja, safari hii bila kucheka. Amesema amesikia habari za mayai. Amesema Jumamosi ni siku yake ya wateja, lakini betri yake inaweza kuwasha balbu ndogo siku nzima, na yeye atanyoa kwa mkasi. Tuichukue.

Nyie! Kumbe ana ujanja kiasi hiki! Anataka mayai ya dada yangu yatotoke kwa betri yake, halafu kila kifaranga kinachopita mtaani akinyooshee kidole na kusema kile changu. Nimemshukuru. Nimemwambia tumekamilika, betri ampe mwenye shida. Amesema sawa, basi atamwazima fundi cherehani, ambaye alishaiomba. Nimesema vizuri sana.

Dada hakuwapo. Sikuona haja ya kumchosha kwa habari ndogo ndogo.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya ushindi. Naandika hivyo ingawa wazo moja dogo lilikuwa la Mjomba.

Mjomba hakuhesabu chochote. Alikwenda chumbani kwa Dada na kipimajoto, akazima mashine, akaifunga blanketi, akakaa. Nusu saa, joto limeshuka digrii moja tu. Akawasha balbu kidogo, likapanda. Akarudi akasema hatutaki taa iwake saa sita. Tunataka iwake dakika mbili kila nusu saa, sanduku litafanya kazi iliyobaki. Dakika mbili mara kumi na mbili ni dakika ishirini na nne, na hizo tunazo, mitungi na matairi yakijaa. Yakijaa, akarudia. Yakijaa, Pancha.

Ni kile kile nilichokuwa nakisema mimi, ila yeye amekisema kwa mpangilio.

Tumepitisha waya kutoka karakana, juu ya ukuta wa uani, mpaka dirishani kwa Dada. Taa ya lori tumeifunga ndani ya sanduku. Tumejaribu dakika mbili. Imewaka! Kipimajoto kimepanda! Dada amenishika shavu kwa ile mikono yake ya sabuni, akasema kumbe nina akili, akasema tena kumbe nina akili. Nilijitia sijasikia ili aseme mara ya tatu. Hakusema.

Mpango wa kesho. Mimi nakaa kwenye geji karakana. Dada anakaa kwenye mayai. Ukuta uko katikati, kwa hiyo tutapigiana kelele. Bibi atakaa mlangoni kwake na jua lake, hana kazi yoyote, asiguse kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Mwili umechoka, lakini lazima niandike kabla watu wengine hawajaitangaza habari hii vibaya.

Nimeamka alfajiri nikajaza. Saa mbili kamili geji nane, matairi yote yamevimba kama mashavu. Mjomba akaenda kununua mipira ya akiba. Dada akaenda kukaa na mayai. Mimi nikatoka kidogo kumsalimu Kinyozi.

Saa tatu kasoro robo umeme umekatika. Kasoro robo! Tangazo limesema saa tatu! Nchi haiwezi kuendelea namna hii.

Nimekimbia kwenye geji. Geji: mbili. Sijui imekuwaje. Inawezekana valvu ilivuja. Mipira ile ni ya zamani. Nimefungua hivyo hivyo, spana ikazunguka kama mtu anayeamshwa, taa kule ndani ikawa nyekundu kama ncha ya sigara, ikazima.

Basi nimepanda juu ya tyubu la trekta ili sauti ivuke ukuta, nikamwita Dada kama tulivyopanga. Nimepiga kelele kwa nguvu zangu zote: Presha imeshuka! Dada, presha imeshuka sana! Imebaki mbili!

Nataka ieleweke kwamba hayo ni maneno sahihi ya kitaalamu.

Dada wakati ule alikuwa amefunua mfuniko wa mashine aongeze maji kwenye kisahani. Kusikia hivyo akaacha mfuniko wazi akaruka nje. Hakuja kwangu. Alikwenda kwa Bibi! Akamkuta kwenye kigoda chake, amefumba macho kwa jua. Ndipo akapiga yowe. Akambeba. Dada yangu ni mwembamba, Bibi si mwembamba, lakini alimbeba juu juu mpaka kitandani, akampandishia miguu kwenye mto na kuanza kumpepea na sinia.

Bibi alipofumbua macho akauliza kuna nini. Dada akamwambia presha imeshuka, imebaki mbili. Bibi akauliza mbili juu ya ngapi. Dada akasema mbili tu. Bibi akafumba macho tena. Halafu akasema, mbili, basi tena.

Na mimi kule juu ya tyubu, nikiona hakuna anayejibu, nikaendelea kupiga kelele. Inashuka! Jamani inashuka! Moja na nusu!

Majirani wote wakaja. Nilipofika chumbani nimekuta watu tisa, na Bibi anagawa mali. Redio apewe Dada. Kitanda Mjomba. Sufuria kubwa jirani wa upande wa kushoto, ile ndogo wa kulia, na wasigombane. Nimesukuma watu nikafika mbele. Bibi amenitazama kwa upendo mkubwa, akafikiri sana, akasema, wewe mjukuu wangu, chukua mwavuli.

Mwavuli ule hauna mpini!

Nimeuliza Bibi anaumwa nini. Dada akasema si wewe umetangaza presha imeshuka? Nikasema ndiyo, ya mtungi.

Sitaandika kila kilichosemwa baada ya hapo. Bibi alikaa kitandani wima. Alisema mambo kuhusu kichwa changu na kilichomo. Redio, sufuria na mwavuli vikarudishwa kwa mwenyewe. Halafu ghafla Dada akashika mdomo. Mfuniko!

Tumekimbia. Mashine iko wazi, dirisha liko wazi, upepo wa nje unapita juu ya mayai, ule wa bure. Nimegusa moja. Limepoa. Dada hakulia. Alikaa tu sakafuni, akaiweka mikono yake juu ya mayai, na mikono yenyewe ilikuwa na baridi.

Nikamkimbilia Kinyozi. Nimemeza mate, nimemwomba betri. Ameniambia nilimwambia ampe mwenye shida, na fundi cherehani ameondoka nayo kwenye kazi ya nje, mtaa gani hajui. Dada alikuwa nyuma yangu. Ndipo akajua kwamba kulikuwa na betri. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Aliyetuokoa ni Bibi. Alisema kama mmeshanilaza, nileteeni. Alilala chali, tukampangia trei za mayai kushoto na kulia, mengine tumboni, tukamfunika mablanketi matatu. Kinyozi akafunga kibanda siku ya Jumamosi, na wateja wakiwa kwenye benchi, akaleta jiko lake la kuchemshia taulo. Akachemsha maji, akayatia kwenye chupa, akazizungushia taulo, akawa anabadilisha kila nusu saa. Mjomba aliporudi hakuuliza. Alichukua kipimajoto, akakaa pembeni ya kitanda, akatazama ukuta wa Bibi.

Saa sita nzima Bibi haruhusiwi kugeuka. Haruhusiwi kupiga chafya. Haruhusiwi kucheka, na huyo Kinyozi akaanza kusimulia habari ya mteja aliyetoka amenyolewa nusu! Bibi alibana midomo mpaka machozi yakamtoka, mayai ya tumboni yakagongana, tukamfukuza Kinyozi nje akachemshie maji uani.

Mara moja tu, kwenye kubadilisha chupa, Kinyozi alinitazama. Nikatazama pembeni. Mtu huyu anautumia ukimya kama wembe.

Saa tisa na dakika tano umeme umerudi.

Jumapili, 9 Machi

Mtaa mzima unasalimiana kwa kuulizana presha. Presha vipi? Mbili! Wanashikana mikono wanacheka. Mtoto mmoja ameniuliza kama na mimi nataga.

Mjomba ameniamuru nirudishe matairi ya watu. Nilipokuwa nakunja mipira amesema jambo moja. Joto la mayai tulikuwa nalo, akasema. Jumatano lilikuwa kwenye mitungi, mkono haukai. Ukalimwagia maji ndoo mbili.

Nimesimama na mpira mkononi. Ni kweli! Kumbe sanduku la mayai lingekaa ubavuni mwa mtungi wakati wa kujaza! Nimemwuliza mbona hakusema siku ile. Amesema alisema, mimi nilikuwa nabishana na Kinyozi juu ya barafu.

Nimekagua valvu zote, maana Mjomba ameuliza mara mbili upepo ulikwenda wapi. Nimemwambia huenda moja inavuja. Ameipaka sabuni. Haikutoa povu. Amesema ajabu. Nimesema ajabu kweli.

Jumanne, 11 Machi

Yameanza alfajiri. Yai la kwanza limepasuka tobo dogo, mdomo ukatokeza, ukapumzika, ukaendelea. Dada amepiga magoti mbele ya sanduku tangu asubuhi, ameomba ruhusa hotelini. Bibi ameletewa kiti na anatoa amri. Hicho changu, kilikuwa kitovuni. Hicho nacho changu, kilinifinya mbavu.

Hadi saa kumi jioni: arobaini na sita. Tumesubiri. Saa kumi na moja: arobaini na sita. Dada amechukua mayai yaliyobaki, akayaweka sikioni moja moja.

Hakuna anayefanya mzaha leo. Hata mimi.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu mkuu amekuja saa nne, na miwani yake. Amewahesabu vifaranga mwenyewe akiwahamisha kwa mkono kutoka boksi hili kwenda lile. Amesema ni wazuri, wana nguvu. Amesema arobaini na sita si hamsini. Hakusema kwa ubaya. Amesema atawachukua hawa, na Dada ajaribu mzunguko mwingine, wiki tatu, na kama hadi wakati huo hawajapata mtu mwingine wa kutunza kuku, watazungumza. Kama.

Dada amesema asante, mwalimu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi anarudi kwenye mashuka.

Alipoondoka mwalimu, Dada amenipa kifaranga. Ni cha arobaini na saba! Kilitotoka usiku peke yake, na mguu mmoja umepinda, kwa hiyo hakikuhesabiwa. Amesema ni changu, kwa kuwa nilijaribu. Ameniambia nisijilaumu. Habari ya betri imemuuma lakini imepita, amesema, na neno presha lina maana mbili, si kosa la mtu, yeye mwenyewe angesikia hivyo hivyo mara kumi. Nimekubali haraka. Kifaranga nimekiita Valvu. Sasa hivi amesimama juu ya ukurasa huu, ananichafulia tarehe.

Mayai mapya yanaingia Jumatatu, na safari hii nimejipanga. Nimeona mtungi mmoja kwenye vyuma chakavu, wa lori la maji ya kuzimia moto, mrefu kuliko mimi. Nitaujaza polepole, sanduku la mayai ubavuni, joto lote ndani, sitamwaga hata tone. Halafu umeme ukikatika, taa! Nimeshamdokeza Kinyozi kwamba ajiandae, nitamwangazia kibanda kizima, na benchi lake. Amenitazama. Akaniuliza, kizima? Nikamwambia kizima.

Ila daftari hili linalala ndani ya tairi bovu na halisomwi na mtu, basi acha niandike jambo hili mara moja nimalizane nalo.

Hakuna valvu iliyovuja. Jumamosi saa mbili na nusu kila kitu kilikuwa kimejaa. Nilikwenda kumsalimu Kinyozi, na mbele ya wateja wanne akasema ile taa yangu haiwezi hata kumwangazia mtu mmoja anayenyolewa mpaka mwisho. Nikavuta waya mwingine mpaka kwenye kioo chake, nikafunga taa nyingine, nikafungua upepo. Akanyolewa mtu mmoja, kichwa kizima na ndevu. Nilijua umeme ungekuwapo mpaka saa tatu, ningejaza tena, nani angejua? Akiba yote ya Dada iliishia kwenye ndevu za mtu nisiyemfahamu.

Lakini iliwaka. Mpaka mwisho. Hata Kinyozi mwenyewe alisema imewaka.